Nani Mwenye Haki ya Kusema "Nchi Yangu"?

Wahenga walinena kwamba nyumbani ni nyumbani, ingawa pangoni. Sisi wa Ufukoni twaijua maana yake. Tangu mwaka 1964 hadi 1974 tuliwapokea ndugu zetu waliovuka Mto Ruvuma kuikimbia vita ya Mreno; miili yao ilikuwa kwetu, nyoyo zao zilibaki ng'ambo.

Kwa sababu hiyo twapenda kuutazama wimbo mmoja uliozaliwa kwa jirani zetu wa Kenya. Mwimbaji wake, Roger Whittaker, alizaliwa Nairobi mwaka 1936 kwa wazazi wa Kiingereza, akahamia Uingereza mwaka 1959, na kufariki Ufaransa mwaka 2023. Dunia ilimjua zaidi kwa "The Last Farewell", uliovuma Marekani mwaka 1975. Miaka michache baadaye, sifa zake zikiwa zimekwisha enea, alitoa wimbo ambao nje ya Afrika Mashariki haukupata jina kubwa hivyo: "My Land Is Kenya". Humo mtu anayeishi mbali anaiita Kenya ardhi yake.

Wapo watakaouliza: kwa haki gani? Swali hilo ni la haki. Walowezi walitwaa ardhi bora ya nyanda za juu, na Whittaker mwenyewe ujanani alitumikia jeshi la Kenya Regiment zama za vita vya Mau Mau. Waafrika wengi walikwisha mwaga damu yao kwa ajili ya maneno hayo hayo, "ardhi yangu", kabla yeye hajayaimba.

Hata hivyo, mapenzi hupimwa siku ya msiba. Mwezi Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba ya wazazi wake huko huko Kenya, wakamwua baba yake. Mwana huyo alitamka hadharani kwamba yafaa watu waishi bila chuki, wakiweza. Ni wachache wanaoweza kutamka hivyo kaburi likiwa bichi.

Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ya zamani iliwahesabu binadamu wote kuwa ndugu. Undugu huo haukutuamuru kusahau. Kwa maoni yetu, wimbo mtamu haumpi mtu nchi, wala rangi ya ngozi haimnyang'anyi. Anayesema "nchi yangu" akubali kwanza kuulizwa ardhi hiyo ilipatikanaje. Na anayeuliza awe tayari kulisikiliza jibu. Vijana wetu wanaotunga nyimbo za kuisifu Mtwara nao wajiandae kwa swali hilo.