Kufundisha Kumbukumbu ya Kompyuta kwa Miraba

Mtoto aweza kukariri kwamba kumbukumbu ni sehemu ya kompyuta, asijue ni kitu gani. Katika somo hili twapendelea mfano wa ZX81, mashine ndogo ya nyumbani iliyotolewa na Sinclair huko Uingereza mwaka 1981. Mnunuzi aliiunganisha na televisheni yake, na programu akazihifadhi katika kaseti, kwani umeme ulipozimwa kumbukumbu yote ilifutika.

Kumbukumbu hiyo ilikuwa kilobaiti 1, yaani baiti 1,024. Mwalimu achore katika karatasi kubwa miraba 32 kwa 32. Kila mraba ni baiti moja, nayo hutunza herufi moja. Kioo cha televisheni kilionyesha mistari 24 ya herufi 32, na kilipojaa kilikula kumbukumbu hiyo hiyo. Wanafunzi wapake rangi mistari 24. Yabaki miraba 256, na humo mashine yenyewe ina fungu lake. Je, programu itakaa wapi? Waachwe wabishane. Hapo haja ya kupanua mashine itaeleweka kabla neno lenyewe halijatajwa.

Kisha zibandikwe ukutani karatasi 16 za namna hiyo: ndizo kilobaiti 16 za kisanduku kilichochomekwa nyuma ya mashine. (Kilikuwa na tabia ya kulegea, kikitikisika kidogo, kazi yote hupotea.) Darasa la juu lipewe hesabu ya simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Jibu ni karatasi 4,194,304.