Kukatia Miti ya Kahawa

Kanyabayonga ni mji ulio juu ya milima, upande wa kusini wa Lubero. Barabara itokayo Goma kwenda Butembo hupanda kutoka bonde la Rwindi na kupita hapo. Huko kuna baridi, na mvua hunyesha vizuri. Kahawa ya arabika, ambayo asili yake ni milima ya Ethiopia, hupenda mahali kama hapo. Kwa hiyo watu hupanda miti ya kahawa hata karibu na nyumba, pamoja na migomba na maharagwe.

Mti wa kahawa hauzai upesi. Mche ukiisha kupandwa, mtu hungoja karibu miaka 3. Ndipo maua meupe hutokea, yenye harufu nzuri. Tangu maua mpaka matunda mekundu hupita miezi 8 au 9.

Kwa nini mti huu hukatiwa? Matunda yake hutoka kwenye sehemu ya tawi iliyokua mwaka uliopita. Mahali palipokwisha kuzaa hapazai tena. Kila mwaka matunda husogea mbele, karibu na ncha. Basi tawi la zamani huwa refu na tupu kama fimbo, na mizizi hulilisha bure.

Wakati wa kukatia ni baada ya mavuno, kabla maua mapya hayajafunguka. Kwanza mkulima huondoa matawi makavu na yenye ugonjwa. Pili, huondoa matawi yaliyochoka na yale yanayogusa udongo. Tatu, huondoa machipukizi yasiyotakiwa shinani. Mwisho hufungua katikati ya mti, ili jua na hewa zipite. Yuko mdudu aitwaye antestia, apendaye kujificha penye majani mengi. Yeye hutoboa matunda na kunyonya maji yake, na kahawa hiyo yaweza kuwa na ladha ya viazi vibichi. Mnunuzi hapendi kahawa kama hiyo. Chini ya mti hutandazwa nyasi kavu au majani ya migomba, lakini yasiguse shina.

Je, mti ulioachwa bila matunzo? Mwezi wa Juni 2024 vita vilifika Kanyabayonga, na watu wengi sana wakakimbia. Shamba lisilo na mtu hugeuka kichaka upesi. Mwenye shamba akirudi, hukuta magugu, na matunda machache huko juu mkono usikofika. Pengine husema: “Nitang’oa yote, nipande mihogo.” Asifanye haraka. Kwanza akwangue gome kidogo kwa kisu. Ikiwa chini ya gome ni kijani, mti ungali hai.

Mti huo hukatwa kwa msumeno, kiasi cha sentimita 30 juu ya udongo. Mkato huwa wa mshazari, ili maji ya mvua yateremke na shina lisioze. Tawi moja huachwa livute maji ya mti mpaka machipukizi yakue. Kisha nalo hukatwa. Machipukizi 2 au 3 yenye nguvu huchaguliwa, na mengine huondolewa. Baada ya miaka 2 hivi mti huanza kuzaa tena, kwa kuwa mizizi yake ya zamani ingali na nguvu.

Lakini miaka 2 bila mavuno ni mirefu kwa nyumba yenye watoto wa shule. Kwa hiyo asikate miti yote pamoja. Kila mwaka akate mstari mmoja katika mitatu. Iliyobaki itaendelea kutoa kahawa ya kuuza. Kati ya mashina yaliyokatwa jua hufika chini, na hapo apande maharagwe. Mwaka wa tatu atakata mstari wa mwisho, na ule wa kwanza utakuwa umekwisha kuanza kuzaa.

Maulizo
1. Matunda ya kahawa hutoka sehemu gani ya tawi?
2. Mtu atajuaje kama mti ulioachwa ungali hai?
3. Kwa nini mwenye shamba asikate miti yote mwaka mmoja?