Kwa Nini Harufu ya Marashi Huenea, na Kwa Nini Hukoma

Mtu anunuaye chupa ya maji ya Cologne hufurahi sana asubuhi anapojipaka, lakini kabla ya saa sita mchana hulinusa shati lake asisikie kitu. Hapo humlaumu mwenye duka ya kuwa amemwuzia maji matupu. Pengine lawama hiyo ni ya haki, lakini mara nyingi sivyo, na yafaa sababu ijulikane kabla ya ugomvi.

Harufu ni chembe ndogo mno za kitu chenyewe, zisizoonekana kwa macho, zirukazo kutoka katika ngozi au nguo na kuingia puani. Chembe nyepesi huruka upesi. Zilizo nzito hukawia. Kwa hiyo harufu ile inayovuma mara moja ndiyo iishayo mapema, maana inajitumia yenyewe. Wala chembe hizo haziendi mbali kwa nguvu zao, kwa kuwa hugongana na hewa kila mara. Kinachozichukua hasa ni mwendo wa hewa. Ndiyo sababu harufu ya mpita njia husikika zaidi akiisha kupita.

Maji ya Cologne yalipata jina kwa mji wa Cologne katika Ujerumani, ambako nyumba ya biashara ya ukoo wa Farina, wenye asili ya Italia, ilianzishwa mwaka 1709. Johann Maria Farina aliyatunga kwa mafuta ya maganda ya ndimu, machungwa na matunda ya jamii hiyo, yaliyo mepesi sana. Tena katika sehemu 100 za maji kama hayo, mafuta ya harufu huwa sehemu 2 hadi 5 tu. Mengine ni spiriti na maji. Manukato mazito huwa na sehemu 15 hadi 30, na ndiyo maana bei yake ni kali.

Wanawake wa pwani walilijua jambo hili zamani bila kupima digrii. Hawategemei ndimu, bali udi, ambari, sandali na karafuu, navyo vyote ni vizito. Kiini cha harufu ya karafuu huchemka kwenye digrii 254 za sentigredi, na kile cha maganda ya ndimu kwenye 176. Nguo iliyofukizwa udi juu ya chetezo huweza kunukia siku kadhaa, kwa kuwa kitambaa hakina joto la mwili la kuifukuza harufu.

Liko jambo jingine: pua huchoka. Mwenye marashi huacha kuyasikia baada ya muda mfupi, akaongeza tena na tena, na wenzake ofisini wakaumwa kichwa pasipo kumwambia. Heri amwulize rafiki.

Ngozi kavu haishiki harufu. Mafuta kidogo ya nazi yakitangulia, marashi hukaa zaidi. Chupa na ifungwe barabara, iwekwe kabatini mbali na jua, kwa kuwa joto na mwanga huyaharibu. Wala mtu asijipake karibu na jiko au taa ya mafuta, maana mvuke wa spiriti hushika moto hata kabla maji yenyewe hayajaguswa na mwali.