Mwali wa miaka tisa anafundwa nini?

SHULE zikifungwa Desemba, vijiji vya Masasi na Newala hubadilika sauti. Pikipiki hupita kwa msururu zikipiga honi. Nyuma yake huja wanawake waliovaa sare za kanga, na juu ya mabega ya mjomba amekaa mtoto mwenye nguo mpya, miwani myeusi na mwavuli. Hacheki. Ameinamisha kichwa, maana mwali hatazami watu usoni. Pesa za korosho zimelipia pilau, ngoma na spika.

Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, jando na unyago ndiyo shule ya heshima. Huko mtoto hufundishwa kubisha hodi kabla ya kuingia chumba cha wazazi, kupiga goti anapompa mkubwa maji, na kujua nafasi yake msibani. Wengi hutoka na jina jipya, na kumwita mtu lile la utotoni ni kumvunjia heshima.

Mila hizi zimepita mikono mingi. Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizishuhudia huku mwaka 1906 na kuziandika kitabuni. Mmisionari wa Kianglikana Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi, hakulipiga marufuku jando bali aliliingiza katika ibada za Kanisa. Waislamu nao wana jando lao. Kwa hiyo anayesema mila haibadiliki hajaangalia nyuma.

Badiliko la sasa ndilo linalotia shaka. Zamani msichana alichezwa alipokaribia kuvunja ungo au baada yake. Siku hizi si ajabu kumkuta mwali wa miaka saba, nane au tisa. Likizo ni fupi, ndugu wote wamekuja, korosho zimeuzwa. Mzazi anaona bora amalize watoto wote kwa sherehe moja. Hesabu hiyo inaeleweka.

Kwa mvulana, tatizo kubwa ni jeraha. Ngariba akitumia kisu kimoja kwa watoto wengi, damu ya mmoja huingia kwa mwingine, na pamoja nayo virusi vya ukimwi na homa ya ini. Pepopunda huingilia kwenye kidonda kichafu, na Newala, mji wa juu ya mlima ambako maji yamekuwa shida miaka yote, kuosha kidonda si jambo dogo. Ndiyo maana familia nyingi hukata hospitali kwa sindano ya ganzi, kisha mtoto akapelekwa kufundwa. Tohara yenyewe ina faida: mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza baada ya tafiti kuonyesha kuwa hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke.

Mzazi amwambie mhudumu kama kwenye ukoo kuna watu ambao damu yao haigandi upesi. Mtoto ambaye tundu la mkojo haliko nchani asitahiriwe kabla daktari hajamwona, kwa sababu ngozi ile huhitajika kumrekebisha. Akivuja damu isiyokoma, akipata homa au akishindwa kukojoa, arudishwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ngoma haijaisha.

Kwa msichana hakuna kisu. Unyago wa huku si ukeketaji, ingawa wageni huchanganya. Shida iko kwenye maneno. Mafunzo ya usafi wa hedhi na adabu humfaa. Mafunzo ya kuishi na mume yalitungwa kwa ajili ya mwali aliyekuwa karibu kuolewa. Akiyapata binti wa darasa la tatu, kisha akaambiwa mbele ya watu kuwa sasa amekua, ataamini. Mwili wake haujui habari hiyo: nyonga bado hazijakomaa, na mimba ya umri mdogo huongeza hatari ya kifafa cha mimba na fistula. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu aliyejifungua arudi shuleni, lakini mtoto mgongoni na daftari mkononi ni mzigo.

Kuufuta unyago, kama wengine wanavyotaka, ni kuwanyang'anya mabinti watu wazima pekee wanaozungumza nao waziwazi. Kinachowezekana ni kuugawa. Binti wa miaka tisa afundwe salamu, kazi na kuujua mwili wake, atunzwe, abebwe mabegani, apigiwe honi. Yaliyobaki somo wake ayatunze mpaka atakapofika umri. Mwenye kuamua ni familia, na kwa kuwa ukoo huku hufuata upande wa mama, wa kuzungumza naye kwanza ni mjomba, kabla hajaweka tarehe ya ngoma.