Gari Likilalia Upande Nyuma

Peugeot 504 ya paa la turubai iliundwa tangu 1969 hadi 1983. Kwa hiyo hata iliyo changa imekwisha kuzeeka. Ikianza kulalia upande nyuma, ndugu msomaji, usikimbilie kwa mafundi wa Buyenzi kutaka springi mpya.

Iegeshe mahali palipo sawa, upime toka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Kisha ikandamize pembe ya nyuma na kuiachia: ikinesanesa zaidi ya mara mbili, shokamzoba imechoka. Ikigonga katika vishimo vidogo, itazame mipira ya mikono inayoshika magurudumu, huenda imepasuka.

Lakini jambo kubwa limo sakafuni. Gari lisilo na paa la chuma hutegemea sakafu na vizingiti vya milango ili lisipinde. Inua pembe moja ya nyuma kwa jeki: mlango ukikwama, yaelekea kutu imekwisha kuila bodi, na springi hazitafaa kitu. Gari hilo lisipande Bugarama, juu ya mita 2,000, kabla ya kuchomelewa, maana litapaswa kuteremka. Nawe usiingie chini yake likiwa juu ya jeki tupu.