Beit al-Ajaib na Serikali Zake

Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, hakuwa akitafuta pa kulala. Alitaka nahodha anayetia nanga mbele ya Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, ajue, kabla hajashuka chomboni, kwamba Zanzibar ina mwenyewe. Ndiyo maana ya roshani zile pana, nguzo za chuma na milango iliyonakshiwa.

Kila serikali iliyofuata ililitaka jengo hilohilo. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita kati ya Uingereza na Zanzibar, mizinga ya Waingereza iliangusha kasri jirani la Beit al-Hukm pamoja na mnara wa taa uliokuwa mbele. Beit al-Ajaib ikasalimika, na baadaye mnara wa saa ukajengwa ukutani mwake. Wengi hudhani mnara huo ulikuwapo tangu mwanzo, kumbe ni kovu la vita. Waingereza wakaweka ofisi zao ndani ya jengo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo likawa la chama cha Afro-Shirazi (ASP). Mwishowe likawa makumbusho, na ndani yake ukawekwa mtepe, chombo cha baharini kilichoshonwa kwa kamba.

Watawala walibadilika, lakini mvua haikubadilika, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua: unyevu ukiingia, hutoka. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, unyevu unabaki ndani na ukuta unaoza kimyakimya. Boriti za mikoko nazo huliwa na maji ya paa linalovuja. Chuma kikishika kutu huvimba, kikivimba hupasua jiwe lililo jirani. Mwenye nyumba wa zamani alijua hayo, akipaka chokaa mara kwa mara na kuziba paa kabla ya masika. Nyumba nyingi zilipotaifishwa na kugawiwa wapangaji, kazi hiyo ilikosa mwenyewe.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini mwaka 2012 sehemu ya roshani ya Beit al-Ajaib ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo iliporomoka na kuua watu wawili.

Naona ni kosa kubwa kulikarabati jengo hili ili lirudi kuwa la Barghash peke yake. Mnara wa saa, ofisi za Waingereza na miaka ya ASP, yote ni historia ya Wazanzibari, ipendeze isipendeze. Wanaosimamia ukarabati nawaomba wayahifadhi yote, na serikali itenge fungu la kila mwaka kwa ajili ya paa, mifereji na mafundi wa chokaa.