POVEĆALO NA LUPA: ASILI YA MAJINA MAWILI YA KIOO CHA KUKUZIA

Etimolojia ni taaluma inayochunguza asili ya maneno pamoja na mabadiliko ya maumbo na maana zake. Mfano unaofaa kuidhihirisha ni majina ya kioo cha kukuzia katika Kiserbokroatia, lugha ya Kislavoni cha Kusini izungumzwayo Serbia, Kroatia, Bosnia na Montenegro. Chombo hicho huitwa povećalo au lupa.

Povećalo limeundwa kwa hazina ya lugha yenyewe. Kiini chake ni kivumishi veći, yaani 'kubwa zaidi', ambacho, pamoja na kiambishi awali po-, kimezaa kitenzi povećati, 'kukuza'. Kiambishi tamati -lo huunda nomino za ala. Hivyo povećalo ni 'kifaa cha kukuzia'. Vivyo hivyo, ravnati, 'kunyoosha', huzaa ravnalo, 'rula'. Utaratibu huu si mgeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili: funika huzaa kifuniko, na ziba huzaa kizibo.

Lupa, kwa upande wake, ni neno la mkopo. Chimbuko lake ni loupe la Kifaransa, neno ambalo pia hutaja uvimbe chini ya ngozi. Lenzi iliitwa hivyo kwa kuwa nayo imebinuka. Hapa pana mtego. Kiserbokroatia kina kitenzi lupati, 'kugonga', na 'anagonga' husemwa lupa. Anayetegemea mlingano wa sauti pekee angedai kwamba jina la kioo limetokana na kugonga, naye angepotoka.

Hata hivyo, si kila mfanano ni wa sadfa. Durbin, jina la zamani la darubini katika lugha hiyohiyo, lilipitia Kituruki (dürbün) kutoka Kiajemi, ambamo dūr ni 'mbali' na bīn ni shina la kitenzi 'kuona'. Darubini la Kiswahili nalo lina asili hiyohiyo ya Kiajemi.

Fundisho kwa waundaji wa istilahi ni bayana. Kuunda na kukopa ni njia halali zinazoweza kuishi pamoja, kama vile Kiswahili kilivyokopa lenzi na papo hapo kikaunda kioo cha kukuzia. Ama kuhusu asili ya neno, sauti hazitoshi kuwa ushahidi. Sharti umbo, maana na historia vishuhudie kwa pamoja.